Ukambani Ndani ya Kanda: Jinsi Picha za Kitui na Makueni Zilivyonusurika



Makala ya leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama una chai iweke karibu. Kuna swali ambalo vijana wa kompyuta hupenda kuuliza: kwa nini mpaka leo kuna watu wanahifadhi data kwenye kanda za sumaku, wakati diski ni rahisi na wingu lipo? Jibu fupi ni kwamba kanda ni nafuu kwa data nyingi, haili umeme ikiwa rafuni, na mdukuzi hawezi kuifuta ikiwa imetolewa kwenye mashine. Jibu refu ni historia, na sehemu moja ya historia hiyo inapita Kitui na Makueni.

Hebu tuanze na swali la kawaida kabisa. Ukitaka kujua bonde fulani la Makueni lilikuwaje mwaka 1975, kama lilikuwa na miti au lilikuwa wazi, utamwuliza nani? Unaweza kumwuliza mzee wa hapo. Unaweza pia kuuliza satelaiti, kwa sababu ilipita juu ya bonde hilo ikapiga picha. Ila picha hiyo ilirekodiwa kwenye kanda, kisha ikanakiliwa kwenye kanda nyingine, na nyingine tena, hadi ikakufikia wewe mwenye laptopu. Mnyororo huo ungekatika mahali pamoja tu, picha isingekuwepo. Na kweli kuna mahali ulikatika, kama tutakavyoona.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tutaona kwamba hata daftari lenyewe hupotea lisipofunguliwa.

KABLA YA KANDA

Wakamba walikuwa na kumbukumbu zao kabla ya mashine yoyote. Kila njaa kubwa ilipewa jina. Njaa ya mwishoni mwa karne ya 19, miaka ya 1898 na 1899, inaitwa Ngomanisye. Ile ya 1961, chakula kilipodondoshwa kwa ndege, ikaitwa njaa ya Ndeke, yaani ndege. Ya 1984 ikaitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nitakufa nikiwa nazo mkononi: pesa zipo, chakula hakuna. Jina moja linabeba mwaka, sababu na uchungu, na mtoto hulishika bila kuandika. Sisi watu wa programu tungesema ni faharasa iliyobanwa vizuri sana.

Serikali ya kikoloni nayo iliandika, kwa macho yake. Mwaka 1937 afisa Colin Maher aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Ukambani, akieleza ardhi iliyokuwa inakwisha. Mwaka huohuo R. O. Barnes alipiga picha za vilima vya Machakos. Mwaka 1938 serikali ikaja na dawa yake: kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Wakamba wakakataa. Muindi Mbingu aliongoza umati hadi Nairobi kudai mifugo yao, na baadaye akahamishiwa Lamu kama adhabu. Kwa hiyo rekodi ya ardhi si jambo la wasomi peke yao. Kwa rekodi kama hizo watu walinyang'anywa ng'ombe.

Mwaka 1948 ndege za jeshi la Uingereza zilipiga picha za anga za eneo hilo. Picha hizo zilikaa makabatini miongo kadhaa. Kisha mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakatoa kitabu kiitwacho More People, Less Erosion kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos. (Kumbuka Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992, kwa hiyo kitabu hicho ni chake pia.) Walilinganisha picha za Barnes na picha mpya zilizopigwa mahali palepale, wakatumia na zile za anga. Wilaya iliyokuwa na watu kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa na karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Matuta ya fanya juu, miti, na kazi ya vikundi vya mwethya vilikuwa vimebadilisha vilima ambavyo Maher alikuwa amevikatia tamaa.

Angalia kilichowezesha hitimisho hilo. Mtu alihifadhi picha za 1937. Zingetupwa, leo tungebaki na ripoti ya Maher peke yake, na hukumu yake ingesimama bila wa kuipinga.

JICHO LA 1972

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha satelaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Ilikuwa na skana ya rangi nne iliyobuniwa na mhandisi Virginia Norwood. Kila pikseli ilikuwa na upana wa mita 80 hivi, karibu ukubwa wa uwanja wa mpira. Picha moja ilifunika eneo la kilomita 185 kwa 185, na satelaiti ilirudi mahali palepale kila baada ya siku 18.

Sasa hapa ndipo kanda inapoingia. Satelaiti ikiwa juu ya Marekani iliweza kutuma picha moja kwa moja kwenye antena iliyo chini. Ikiwa juu ya Kitui, hakukuwa na antena ya kuipokea. Kwa hiyo ilibeba mashine mbili za kurekodi kanda, kila moja ikiweza kushika dakika 30 za data. Ilirekodi Afrika, ikazunguka, ikafika karibu na kituo cha Marekani, ikarudisha kanda nyuma na kuicheza. Ndiyo, kama kaseti ya muziki, ila iko kilomita 900 juu angani.

Mtu yeyote aliyewahi kuwa na redio kaseti anajua nini huharibika kwanza. Si spika, si betri. Ni ile sehemu inayozunguka. Angani ilikuwa hivyohivyo: mashine za kanda zilikuwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kusumbua, na hakuna fundi wa kwenda huko na bisibisi. Sehemu zenye vituo vyao vya kupokea hazikuumia sana. Sisi ambao picha zetu zilitegemea kanda tuliumia.

Picha zikifika Marekani zilipelekwa kwenye kituo cha EROS, karibu na mji wa Sioux Falls katika jimbo la South Dakota. Aliyetaka data yenyewe ya kompyuta, na si picha iliyochapishwa, aliletewa magurudumu ya kanda za nyimbo tisa, zile kubwa za kwenye filamu za zamani. Mwanzoni picha moja kamili ilikatwa vipande vinne vya wima na kuwekwa kwenye kanda nne. Kanda nne kwa picha moja ambayo leo simu yako ingeibeba bila kuhisi uzito!

Nairobi haikulala. Mwaka 1975 kilianzishwa kituo cha kikanda cha upimaji na ramani ambacho leo kinajulikana kama RCMRD, kipo Kasarani. Mwaka uliofuata Kenya ikaunda kitengo cha KREMU cha kufuatilia nyanda za malisho, ambacho baadaye kilikua kuwa idara ya DRSRS. Kwa hiyo utaalamu wa kusoma picha ulikuwapo nyumbani. Kilichokosekana ni picha zenyewe kufika kwa wingi na kwa bei ya kuwezekana.

MWAKA 1984

Mwaka huu ushike vizuri, kwa sababu mambo matatu yalitokea.

La kwanza, Ukambani ilikuwa ndani ya Nikw'a Ngwete. Mvua ilikosekana na mahindi yakakauka shambani.

La pili, tarehe 1 Machi 1984 ilirushwa Landsat 5. Ilikuwa na skana bora zaidi, yenye pikseli ya mita 30, yaani karibu robo eka. Kwa skana hiyo shamba la mtu wa kawaida lingeonekana kama kitu kinachojitegemea. Lakini Landsat 4 na 5 hazikubeba mashine ya kurekodi kanda kabisa. Wahandisi walikuwa wamechoshwa na kanda za angani, wakaamua picha zipite kwa satelaiti nyingine za kupokezana. Njia hiyo ilifanya kazi kwa muda, kisha kufikia 1992 kifaa cha kuitumia kwenye Landsat 5 kilikuwa kimekufa. Kuanzia hapo, mahali pasipo na kituo cha ardhini ndani ya upeo wa satelaiti hapakuwa na picha. Satelaiti ilipita juu ya Kitui ikiwa macho wazi, na ilichokiona hakikuwa na pa kwenda.

La tatu, mwaka huohuo bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuikabidhi Landsat kwa biashara binafsi. Kampuni ya EOSAT ikaichukua mwaka 1985, na bei ya picha moja ikapanda hadi zaidi ya dola 4,000. Kwa bei hiyo nani angeagiza picha ya Mutomo au Kibwezi? Na picha isiyoagizwa mara nyingi haikupigwa.

Matokeo yake ni shimo. Ukifungua hazina ya Landsat leo na kutafuta Afrika Mashariki, miaka ya 1990 ni mikavu kuliko mto Thwake mwezi wa Septemba. Na shimo hilo liko pabaya sana kwa Kitui. Shirika la SASOL lilianzishwa mwaka 1990, na katikati ya muongo huo likaanza na wanakijiji kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu ya Kitui, moja baada ya jingine, hadi yakafika mamia. Upande wa pili, kazi kama hiyo ilikuwa imeanzishwa na Joshua Mukusya na kikundi cha Utooni tangu 1978. Kwa asiyejua: unajenga ukuta wa zege kukatiza mto, mafuriko yanaujaza mchanga, na maji yanajificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Ukitaka kuthibitisha kwamba bwawa limerudisha kijani, unahitaji picha ya kabla na picha ya baada. Picha za baada zipo tele. Zile za kabla ndizo zilizoangukia kwenye shimo.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kenya ilikuwa na antena muda wote huo. Waitaliano, chini ya Luigi Broglio, walikuwa na kituo cha San Marco pale Ngomeni karibu na Malindi, na kutoka kwenye jukwaa lake baharini ndipo ilirushwa satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Kutoka Malindi hadi Kitui ni kama kilomita 300 tu kwa hewani. Malindi baadaye ilipokea picha za Landsat, na ukikutana na jina la picha ya zamani lenye herufi MLK mwishoni, hiyo imepokelewa Malindi. Kwa hiyo kusikiliza kutoka hapa kuliwezekana. Kulihitaji mtu aamue na kulipa.

KANDA INAOZA, MASHINE INATANGULIA

Tuseme picha yako ilibahatika: ilirekodiwa, ikafika, ikawekwa rafuni. Je, imepona? Bado.

Kanda ya sumaku ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma, na unga huo umeshikwa na gundi. Kwenye kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewani na kuanza kuvunjika. Ukiicheza inanata, inalia, na unga unabanduka ukibaki kwenye kichwa cha mashine. Unga ule ndio data yako. Dawa iliyopatikana inachekesha kidogo lakini ni ya kweli: unaioka kanda kwenye joto la chini kwa saa nyingi, unyevu unatoka, halafu una muda mfupi wa kuinakili kabla haijarudia hali yake.

Lakini mara nyingi kanda huwa nzima na mashine ndiyo imekufa. Mfano mzuri ni picha za mwezi zilizopigwa na Lunar Orbiter mwaka 1966 na 1967. Kanda zake kama 1,500 zilihifadhiwa, ila mashine za kuzisoma, Ampex FR-900, zilikuwa zimetoweka duniani. Nancy Evans, aliyekuwa mtunza kumbukumbu wa NASA, alikataa kanda zitupwe, na mashine chache zilizopatikana akazitunza nyumbani kwake miaka mingi. Mwaka 2008 Dennis Wingo na Keith Cowing walizipeleka kwenye jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's huko California, wakazifufua, na Novemba mwaka huo dunia ikaiona upya picha ya dunia ikichomoza nyuma ya mwezi, safi kuliko ilivyowahi kuonekana. Bila gereji ya mama mmoja zile kanda zote zingekuwa plastiki tu.

EROS walijifunza hilo mapema. Hazina yao imehamishwa mara kadhaa, kutoka kizazi kimoja cha kanda kwenda kingine, kabla mashine za kizazi cha zamani hazijaisha. Ni kama matuta ya fanya juu. Mtu akipita barabarani huyaona akadhani yalichimbwa siku moja yakabaki hivyo. Mwenye shamba anajua kwamba kila msimu kuna sehemu imebomoka, na usipoirudishia mvua ijayo itaondoka na udongo.

ROBOTI NA AMRI

Sasa tuingie jikoni, kwa wale wanaopenda terminali.

Kanda ndiyo iliyotupa programu ya tar. Ilitoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, na jina lake ni kifupi cha hifadhi ya kanda. Hadi leo alama za kanda hazijamtoka. Tengeneza faili lenye neno moja tu, lifunge kwa tar ya Linux, kisha angalia ukubwa:

echo Wote > mji.txt
tar -cf mji.tar mji.txt
ls -l mji.tar

Utaona baiti 10240. Neno la herufi nne limekuwa kilobaiti kumi! Sababu ni kwamba tar huandika vipande 20 vya baiti 512 kwa mkupuo, kama ilivyofaa kanda za enzi hizo. Ukipakua programu yoyote yenye .tar.gz umebeba mabaki ya kanda bila kujua.

Mwanzoni binadamu ndiye aliyebeba kanda kutoka rafuni kwenda kwenye mashine. Mwaka 1987 kampuni ya StorageTek ilitoa ghala la duara lenye mkono wa roboti katikati, likishika kaseti kama 6,000. Leo maktaba ndogo ya kanda ina nafasi nane na draivu moja, na inaenea kwenye raki ya seva. Kwenye Linux, amri za kuijua ni mbili: mtx humwamuru roboti, na mt huamuru draivu. Wengi huzichanganya. Roboti hajui kilichomo ndani ya kanda, na draivu haijui kanda imetoka nafasi gani. Anayejua yote mawili ni wewe, kwa hiyo andika.

Kwanza tafuta roboti yuko wapi:

lsscsi -g

Mstari wenye neno mediumx ndio roboti, na wenye neno tape ndio draivu. Tuseme roboti ni /dev/sg3. Muulize ana nini:

mtx -f /dev/sg3 status

Atakujibu kwa orodha ya namna hii:

Data Transfer Element 0:Empty
Storage Element 1:Full :VolumeTag=KTI001L6
Storage Element 2:Full :VolumeTag=MKN001L6
Storage Element 3:Empty

Mstari wa kwanza ni draivu, ipo tupu. Inayofuata ni nafasi za kaseti. Jina linatoka kwenye lebo ya mistari iliyobandikwa kwenye kaseti, kama ile ya pakiti ya sukari dukani. Herufi mbili za mwisho, L6, husema ni kaseti ya LTO kizazi cha 6. Hizo sita za mwanzo ni zako, zitumie kwa busara.

Pakia kaseti ya nafasi ya 1 kwenye draivu 0, irudishe mwanzo, na uandike:

mtx -f /dev/sg3 load 1 0
mt -f /dev/nst0 rewind
tar -cvf /dev/nst0 /data/mabwawa

Hapa simama. Kuna /dev/st0 na kuna /dev/nst0, na ile n moja ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukitumia st0, kanda hujirudisha mwanzo kila amri inapokwisha. Ukiandika bekapu ya pili itaanzia pale ilipoanzia ya kwanza, na ya kwanza imekwenda. Hakuna onyo, hakuna swali la una uhakika. Ukitumia nst0 kanda hubaki ilipofika.

Baada ya kuandika, hakikisha. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka kwa sababu inachosha:

mt -f /dev/nst0 rewind
tar -dvf /dev/nst0 -C /

Hiyo -d husoma kanda na kuilinganisha na mafaili yaliyo kwenye diski. Kisha tengeneza orodha ya yaliyomo, na orodha hiyo usiiweke kwenye kanda hiyohiyo:

mt -f /dev/nst0 rewind
tar -tvf /dev/nst0 > orodha-KTI001L6.txt
mt -f /dev/nst0 offline
mtx -f /dev/sg3 unload 1 0

Basi. Hizo amri chache ndizo uti wa mgongo wa kazi yote. Programu kubwa za bekapu zinafanya hayohayo chini ya kofia, pamoja na ratiba na kitabu cha kumbukumbu.

Usidhani ni mambo ya kale. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, ikafuta na nakala zake kwenye vituo kadhaa. Google walizirudisha kutoka kwenye kanda, kwa sababu kanda haikuwa imeunganishwa na hitilafu ile haikuifikia.

HAZINA INAFUNGULIWA

Turudi Ukambani. Mwaka 1999 Landsat 7 iliruka ikiwa na kumbukumbu ya kielektroniki isiyozunguka, na mpango wa kupiga picha dunia yote bila kungoja mnunuzi. Hata hasara yake ya 2003, kioo cha kunyoosha mistari kilipoharibika na kila picha kupoteza kama asilimia 22, haikuwa mbaya kama kutokuwa na picha kabisa.

Mwaka 2008 Marekani ilitangaza kwamba hazina yote ya Landsat itakuwa bure. Mwaka 2010 ikaanza kazi ya kukusanya picha zilizokuwa zimetawanyika kwenye vituo vya nchi mbalimbali, nyingi zikiwa kwenye kanda za mitindo tofauti ambazo mashine zake zilikuwa zinaelekea kuisha. Hadi kufikia Januari 2015 hazina ilikuwa na picha zaidi ya milioni 5.5, na zaidi ya milioni 3.2 kati ya hizo zilitokana na ukusanyaji huo. Yaani zaidi ya nusu ya kumbukumbu ya dunia ilikuwa imelala kwenye makabati ya watu.

Kwetu hii ilimaanisha kwamba baadhi ya mashimo yalizibika. Mwanafunzi aliye Wote au Mwingi sasa anaweza kuingia kwenye tovuti ya EarthExplorer na kutafuta mwenyewe. Nairobi iko njia namba 168, safu 61. Ukienda mashariki kuelekea Kitui unaingia njia 167. Jina la picha ya zamani husomeka hivi: LT5, kisha njia, safu, mwaka, siku ya mwaka, na herufi za kituo kilichoipokea. Tazama busara ya jina hilo. Hata ukiikuta picha peke yake jangwani, jina lake linakuambia ilipigwa na nani, wapi, lini, na ikapokelewa na nani.

Na zimeleta faida. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 kwenye jarida la Regional Environmental Change ulitumia picha za satelaiti kulinganisha mimea iliyo karibu na mabwawa ya mchanga ya Kenya na ile iliyo mbali nayo. Mimea ya karibu na mabwawa ilistahimili ukame vizuri zaidi. Akina mama waliobeba mawe walilijua hilo zamani, lakini mfadhili hupenda kuona grafu.

TUFANYEJE?

Kitui na Makueni ni kaunti tangu 2013, na kila moja ina data yake: mabwawa, visima, mipaka ya mashamba, orodha za wagonjwa, leseni. Vikundi vya maji navyo vina daftari na picha za simu. Shimo lijalo la historia ya Ukambani halitasababishwa na satelaiti. Litasababishwa na diski moja ya nje iliyo kwenye droo ya ofisi moja, ambayo hakuna aliyeifungua tangu aliyeinunua ahamishwe.

Huhitaji roboti. Huhitaji hata kanda, ingawa kama data yako ni terabaiti nyingi ifikirie. Haya ndiyo ya kushika:

Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mji mwingine. Kama ofisi iko Wote, nakala moja ikae Machakos au Nairobi.

Panga tarehe ya kusoma, siyo ya kuandika tu. Mara moja kwa mwaka chagua faili lolote kutoka kwenye nakala ya zamani ulifungue. Likikataa, umejua mapema ungali na nakala nyingine.

Hama kabla hujafukuzwa. Draivu za LTO za mwanzo zilisoma vizazi viwili vya nyuma, LTO-8 husoma kimoja tu cha nyuma, na LTO-10 iliyotoka 2025 haisomi hata LTO-9. Watengenezaji husema kanda hudumu miaka 30. Yawezekana, lakini draivu ya kuisoma utaipata wapi mwaka wa 30?

Ita faili kwa jina linaloeleweka na mgeni. Picha iitwayo bwawa-final-mpya2.jpg haitamsaidia mtu yeyote. Weka mahali, mwaka na aliyeipiga.

Hifadhi na majina ya wazee pia. Kinasa sauti cha simu kinatosha. Atakayekuja kulinganisha picha za satelaiti za mwaka fulani atahitaji kujua watu wa hapo waliuitaje mwaka huo.

Ile ripoti ya 1937 ilijibiwa mwaka 1994 kwa sababu kuna mtu alitunza picha. Picha za mabwawa ya Kitui za kabla ya 1995 tunazitafuta kwa tochi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzipokea. Jioni hii, kabla hujazima mashine, chukua bekapu yako ya zamani kuliko zote ujaribu kuifungua.

Nawasilisha. Tukutane makala ijayo, Mungu akipenda.